Mlango Unaofungwa Kidato cha Pili

Wasichana wengi wa shule yetu wakisikia habari za msaada wa masomo ya Chuo Kikuu husema, "Hayo ni mambo ya Kidato cha Sita." Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Siku hizi nimejua kwamba mashindano hayo huanza mapema sana, na napenda kuwaeleza wenzangu jinsi yalivyo.

Uko msaada uitwao Samia Scholarship. Serikali iliuanzisha mwaka wa masomo 2022/2023, ikatenga shilingi bilioni 3 kwa kuanzia. Hushindaniwa na wasichana na wavulana pamoja. Huupata wale waliopata alama za juu katika mtihani wa Kidato cha Sita wa michepuo ya sayansi, tena wakakubaliwa Chuo Kikuu kusomea sayansi, teknolojia, uhandisi, hesabu au udaktari. Kazi ya kuugawa ni ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lakini wenyewe si mkopo. Mwanafunzi hadaiwi baadaye.

Sasa tuyatazame masharti hayo kinyumenyume. Asiyesoma mchepuo wa sayansi Kidato cha Tano hawezi kuupata. Kuingia mchepuo huo, sharti afaulu masomo yake Kidato cha Nne. Na wengi wetu, tumalizapo Kidato cha Pili, tumekuwa tukiruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Basi mlango hufungwa hapo, msichana akiwa na miaka 15 au 16, wala hausikiki ukifungwa.

Dada yangu aliacha Fizikia kwa kuwa rafiki zake wa bwenini waliacha. Alisoma Historia, Jiografia na Kiswahili, akafaulu vizuri sana Kidato cha Sita. Baba, ambaye ni mkulima wa machungwa hapa Maramba, alifurahi, akauliza kama mwanawe aweza kuomba msaada ule. Akajibiwa kwamba haumhusu. Dada anasoma kwa mkopo, na baba aliuza ng'ombe wetu wawili kumtimizia mahitaji. Mimi ninayefuata ameniambia waziwazi kwamba zizi ni tupu.

Lipo shindano jingine lisilongoja Kidato cha Sita. Ni la Young Scientists Tanzania, lililoanzishwa 2011 kwa kufuata mfano wa shindano la Ireland la tangu 1965. Wanafunzi wa sekondari huchagua swali, hufanya uchunguzi wakiongozwa na mwalimu, na wanaoteuliwa huenda kuonyesha kazi yao mbele ya waamuzi. Miongoni mwa zawadi za washindi wakuu umekuwamo msaada wa masomo ya Chuo Kikuu kutoka Karimjee Jivanjee Foundation.

Wengine hudhani shindano hilo ni la shule za mjini zenye maabara kubwa. Mimi na mwenzangu tumeanza na machungwa ya baba. Mengine tumeyaacha ndani ya gunia, mengine tumeyatandaza juu ya chanja kivulini, na kila Jumamosi ndugu yangu mdogo huhesabu yaliyooza na kutuandikia katika daftari. Pengine hatutateuliwa. Lakini tumejifunza kuuliza swali na kuandika hesabu bila kubahatisha, na Fizikia haitutishi tena kama zamani.

Kwa hiyo, dada zangu wa Kidato cha Pili, msiache somo kwa kufuata kundi. Mwulizeni mwalimu kwanza ni milango gani itakayofungwa. Si lazima wote tuwe wanasayansi, ila anayeacha na aache akijua. Nanyi wazazi wetu, wakati wa likizo tupeni saa mbili za kusoma baada ya kuteka maji, kama wapewavyo kaka zetu. Mwezi wa Novemba nitafanya mtihani wangu. Nimeshika Fizikia, nami siiachi.