Udongo wa shamba wafukuza samaki
KIBAHA na Kisarawe ni wilaya zisizo na pwani, lakini udongo wa mashamba yake hufika baharini kwa Mto Ruvu, unaomwaga maji karibu na Bagamoyo.

Huko kuna matumbawe, wanyama wadogo wanaojenga miamba ambamo changu na tasi hula na kujificha. Matumbawe ya kilindini hunasa chakula gizani. Haya ya maji mafupi hutegemea mwani unaohitaji jua. Tope likitanda, hufa, na mwamba huchukua miaka mingi kupona.

Hivyo mkulima hupoteza rutuba, mchuuzi wa samaki hukosa mzigo.

Kinga ipo: kulima kwa kukinga mteremko, kupanda majani ya tembo kwenye makinga maji, na kuacha mita 60 kutoka mtoni, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka.