Saratani ya ovari hujificha nyuma ya gesi

Mamangu mdogo alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi saba. Alipewa dawa za gesi, kisha za amiba, kisha za njia ya mkojo. Nyumbani alikunywa tangawizi na habasoda. Tumbo likazidi kujaa, lakini ndani ya dera na buibui nani angeona? Alishtuka mwenyewe siku leso aliyoizoea ilipokataa kumzunguka kiunoni. Picha ya ultrasaundi ilionyesha maji tumboni na uvimbe kwenye ovari.

Mtauliza, kwani hakuwa akipimwa? Alipimwa. Mwaka mmoja kabla alifanyiwa kipimo cha mlango wa kizazi, akaambiwa yuko salama, nasi sote tukatulia. Kumbe kipimo kile huangalia mlango wa kizazi tu. Ovari ziko mbili, kila moja kiasi cha lozi, ndani kabisa ya nyonga. Uvimbe hapo hupata nafasi ya kukua bila kuuma wala kutoa damu. Mara nyingi saratani hii huanzia kwenye mirija ya uzazi, chembe zake zikasambaa tumboni mapema.

Kipimo cha kumpima mwanamke asiye na dalili bado hakuna. Uingereza walifanya utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 200,000, baadhi yao wakipimwa kila mwaka kwa ultrasaundi au damu, kipimo kiitwacho CA-125. Matokeo ya 2021 yalionyesha kuwa vifo havikupungua. CA-125 hupanda hata kwa hedhi, mimba au fibroidi, na saratani ikiwa changa yaweza kusoma sawa kabisa.

Zilizobaki ni dalili: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga, haja ndogo ya mara kwa mara. Nani hajawahi kuzipata? La kuangalia ni kama ni ngeni kwako, na kama zinakujia karibu kila siku kwa wiki kadhaa, hasa ukishapita miaka hamsini. Hapo usikubali pakiti nyingine ya dawa za gesi. Omba upigwe picha ya nyonga. Na ikiwa mama au dada aliugua saratani ya ovari au ya titi, mwambie daktari hata asipouliza.

Tiba ni upasuaji wa kuondoa ovari, mirija, mji wa mimba na utando wa mafuta unaofunika matumbo, pamoja na kemo, kwa kawaida mara sita, kila baada ya wiki tatu. Ikigunduliwa ingali kwenye ovari, wengi hupona. Ikishasambaa, hupungua kwa dawa lakini mara nyingi hurudi, na kila safari ya kemo ina nauli yake na mtu wa kumsindikiza mgonjwa.

Mamangu mdogo amemaliza kemo ya nne. Binti zake wawili wana miadi na daktari mwezi ujao.