BENCHI LA KIJIVU HALIJAFA

Ndugu mfanyakazi, ukipita Kamukuzi, hapa Mbarara, mvua za mwisho wa mwaka zinapokatika, utaona mabenchi na viti vimerundikwa mbele ya karakana za maseremala. Vimetoka makanisani, shuleni, kwenye baa na bustani za hoteli. Vingine vimekuwa vya kijivu kama jivu la jikoni, vingine vimeota ukungu mweusi, na vingine vinacheza miguu kama mlevi. Mwenye mali akifika husema maneno yaleyale: "Fundi, nipakie vanishi tu, nina haraka."

Hilo neno "tu" ndilo nataka tulizungumze leo, kwa kuwa limetutia hasara wengi wetu.

KISA CHA MABENCHI 12

Miaka michache iliyopita, mimi na wenzangu watatu tuliajiriwa kwa malipo ya kutwa na hoteli moja ya mjini. Wawili kati yetu walikuwa ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo, wenye makazi yao Nakivale, wilayani Isingiro. Kazi ilikuwa mabenchi 12 ya bustani, ambayo yalikuwa yamenyeshewa msimu mzima. Msimamizi alitupa madebe ya vanishi, karatasi za msasa, na siku 3.

Mmoja wa wale wawili, fundi aliyejifunza kazi Bukavu, aliinama, akabonyeza mguu wa benchi kwa ukucha, akatikisa kichwa. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwao: "Mzee, hii kiti haiyakufa. Lakini iko na maji ndani. Tukipaka leo, tunafungia mwizi mu nyumba."

Tuliomba siku 7 za kukausha. Msimamizi akasema hoteli hailipi watu kwa kutazama mbao zikikauka. Tukapaka. Siku ya tatu mabenchi yaling'aa, wageni wakasifu, nasi tukapewa kazi nyingine ya milango.

Mvua za Machi ziliposhuka, vanishi ikafura malengelenge na kubanduka kama gamba la nyoka. Chini yake mbao zilikuwa nyeusi. Tukaitwa ofisini, na gharama ya vanishi ikakatwa kwenye malipo yetu ya milango. Wale wenzetu wa Nakivale walikatwa sawa na sisi, ilhali tangu mwanzo walikuwa wakilipwa pungufu yetu kwa kazi ileile. Wote wanne tulinyamaza. Fedha zimekwisha sahaulika, lakini kule kunyamaza kunaniuma hadi leo.

KWA NINI MBAO HUGEUKA KIJIVU

Mbao ni nyuzi zilizoshikamana. Kinachozishikanisha ni kitu mfano wa gundi, nacho huitwa lignini. Mwanga wa jua, hasa ile miale isiyoonekana kwa macho, huivunja lignini, kisha mvua huiosha na kuiondoa. Hapo hubaki juu nyuzi tupu, na hizo ndizo zenye rangi ya kijivu. Sisi wa Mbarara tuko karibu kabisa na Ikweta, tena kwenye nyanda za juu, na tuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Jua linavunja, mvua inaosha, kisha jua linarudi.

Hata hivyo ugonjwa huu ni wa ngozi tu. Wataalamu wa mbao wa Marekani walipima wakakuta kwamba mbao laini iliyoachwa wazi hupoteza karibu milimita 6 tu kwa miaka 100. Huko si kwetu, na jua letu ni kali zaidi, lakini fundisho ni lilelile: chini ya ule ukijivu kuna mbao nzima. Anayetupa benchi kwa sababu ya rangi yake ametupa mali.

Kinachoua benchi ni maji yaliyokaa. Kuvu wa kuozesha hawezi kufanya kazi mbao ikiwa kavu. Huanza kustawi unyevu ukipita kiasi cha sehemu 20 kwa 100 za uzito wa mbao kavu. Maji nayo huingia zaidi kwenye vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokata, kuliko ubavuni. Ndiyo maana miguu huoza kuanzia chini na viungo huoza kwa ndani. Mguu uliogusa udongo huwa pia mlango wa mchwa.

Aina ya mti nayo ina neno lake. Mvule na mugavu huvumilia nje miaka mingi. Musizi na paini isiyotiwa dawa havidumu. Mkaratusi uliopasuliwa jana na kuundwa benchi leo utapinda na kupasuka kabla mwaka haujaisha, hata ukiupaka dhahabu.

HATUA ZA KAZI YENYEWE

Kwanza, kukagua. Choma miguu na viungo kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, sehemu hiyo ikatwe na iungwe mbao mpya.

Pili, kuosha. Tumia maji, sabuni na brashi ngumu ya nyuzi, ukifuata mkondo wa mbao. Brashi ya waya iache, kwa maana vipande vya chuma hubaki ndani na kuacha madoa meusi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe huua ukungu, lakini ukizidisha inakula nyuzi.

Tatu, kukausha. Weka benchi kivulini penye upepo, miguu juu ya matofali. Wakati wa kiangazi wiki moja huenda ikatosha. Wakati wa mvua, zaidi. Hatua hii haina njia ya mkato.

Nne, viungo. Kiungo kilicholegea kifunguliwe, gundi ya zamani ikwanguliwe, ulimi urudishwe tunduni kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, kisha ubanwe hadi ushike. Kupigilia msumari kiungoni ni kuficha maradhi: msumari hupata kutu na kupasua ulimi.

Tano, msasa. Namba 80, kisha 120, inatosha kwa kiti cha nje. Kama benchi lina rangi ya zamani, usiisugue kavu, kwani rangi nyingi za zamani zina risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ilowanishe kwanza, na mabaki yakusanywe.

Sita, kinga. Rangi nzito huzuia jua kuliko kitu kingine. Mafuta ya kitani huingia ndani na hayabanduki, ila yanataka kurudiwa kila mwaka. Vanishi ni nzuri kwa macho, lakini ikipasuka mahali pamoja maji hupita chini yake, na ndipo ilipotuangusha sisi. Lolote utakalochagua, simamisha miguu ndani ya kopo la mafuta au kinga mpaka vichwa vya mbao vinywe vishibe. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke. Vikirundikwa pamoja vinaweza kuwaka moto vyenyewe.

Neno moja kuhusu oili chafu ya magari. Wengi tunaipaka kwa sababu ni rahisi kupatikana na mchwa huikimbia. Lakini oili hiyo ina vitu vinavyoleta saratani ya ngozi, nayo hushika nguo na miili ya wanaokalia benchi. Tusiipake kwenye viti vya watu.

MAPAFU YETU PIA NI CHOMBO CHA KAZI

Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo barakoa si urembo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kwenye yale mabenchi 12 tulifunga vitambaa vya mashati puani, tukadhani huo ndio ushujaa.

BEI YA KAZI ISIYOONEKANA

Sasa hesabu nami. Katika hatua sita nilizozitaja, mwenye mali anaiona moja tu, ile ya mwisho. Na hiyo ndiyo fupi kuliko nyingi. Siku za kukagua, kuosha, kukausha na kuunga hazing'ai, kwa hiyo anapobana bei huanza na hizo. Akizifuta hizo amefuta kazi yenyewe, na benchi likioza lawama inamrudia fundi.

Dawa yake ni kuandika. Kabla ya kuanza, kila hatua iandikwe na siku zake na malipo yake, pande zote mbili zitie sahihi. Mwenye mali akikataa hatua ya kukausha, nayo iandikwe kwamba amekataa yeye. Mwajiri asiyepaswa kukukata fedha ataogopa karatasi kuliko maneno. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka ya makato ya mshahara, na inakataza ubaguzi kazini, ukiwamo wa asili ya taifa la mtu.

Hapo ndipo ninapowarudia wenzetu wa Nakivale. Makazi yale yamepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na mafundi wengi hodari wamepita hapo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawatambulia haki ya kufanya kazi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2005, unasema haki hiyo ni ya wafanyakazi wote bila ubaguzi wowote. Basi tusiseme "wale wanashusha bei yetu." Anayeshusha bei ni yule anayelipa watu wawili malipo mbalimbali kwa kazi moja, na sisi tunamsaidia kila tunaponyamaza.

Yule fundi wa Bukavu nafanya naye kazi hadi leo. Mteja akija na benchi lake la kijivu na neno lake "tu", mwenzangu hulikagua kwa ukucha kama siku ile, nami natoa daftari. Ndugu zangu, kabla ya kushika brashi, shikeni kalamu.