Tairi Pana na Uzito wa Upande Mmoja

Je, umeona picha za zile pikipiki za Marekani, za muundo wa Harley-Davidson, zenye tairi ya nyuma pana hata milimita 300? Zinapendeza, lakini zina shida mbili.

Kwanza, tairi huziba njia ya mkanda unaolizungusha gurudumu kutoka kushoto. Fundi akisogeza giaboksi nje, uzito huhamia kushoto, na dereva hubidi aegemee kulia ndipo aende sawa. Wengine huweka giaboksi yenye mkanda wa kulia, injini ibaki katikati.

Pili, kwenye kona tairi pana hukanyaga kwa pembeni, na hapo huisukuma pikipiki isimame tena.

Kwa hivyo ndugu, usibadilishe tairi kwa sura tu. Kona haijali urembo, na abiria wako anataka kufika nyumbani.