Pampu Inafika PSI Ngapi Si Swali

Kila anayetafuta pampu ndogo ya baiskeli ya kubeba safarini huuliza swali lile lile: inafika PSI ngapi, yaani presha kiasi gani? Watengenezaji wanalijua swali hilo, ndiyo maana kwenye boksi namba 120 au 160 huchapwa kwa maandishi makubwa kuliko jina la pampu yenyewe. Mnunuzi analinganisha maboksi mawili, anachukua lenye namba kubwa, na siku anapopata pancha mbali na fundi anasukuma mpaka mabega yanawaka moto huku tairi bado limelala. Kisha analalamika kwamba ameuziwa feki. Mara nyingi pampu haina kosa. Ilitengenezwa kwa tairi la aina nyingine, na namba aliyoifuata ndiyo iliyompoteza.

Presha hiyo kubwa hutokana na wembamba wa silinda, basi. Chukua pampu mbili ambazo pistoni zake zinasafiri sentimita 18, moja ina kipenyo cha ndani cha milimita 20 na nyingine 30. Ya kwanza husukuma upepo wa sentimita za ujazo 56 kwa mkupuo mmoja, ya pili 127. Lakini nguvu ya mkono inayotakiwa hupanda pamoja na eneo la pistoni: kwenye PSI 100, pampu nyembamba inakudai nguvu ya kama kilo 22, na ile nene inakaribia kilo 50. Kumbuka kwamba pampu ya mkononi haina ardhi ya kuegemea. Ni mikono yako miwili inasukumana yenyewe kwa yenyewe. Mtengenezaji anayetaka namba kubwa kwenye boksi anapunguza kipenyo, na unachopoteza ni ujazo. Sasa peleka pampu hizo kwenye baiskeli tunazoziona kila siku, Phoenix au Avon, zenye tairi la 28 kwa inchi moja na nusu. Tairi hilo lina ujazo wa karibu lita 3. Kulifikisha PSI 45 unahitaji kuongeza zaidi ya lita 8 za upepo. Pampu nyembamba itakutaka usukume kama mara 150, ile nene chini ya mara 70, na nguvu ya mwisho kwenye ile nene ni kama kilo 22, sawasawa na ile ambayo nyembamba ingekudai kwenye PSI 100 ambazo huzihitaji. Hizo ni hesabu za karatasini. Barabarani, upepo ukivuja kidogo kwenye kichwa cha pampu, idadi inaongezeka.

Swali la PSI halifi kwa sababu nyuma yake kuna imani moja: kwamba tairi gumu ndilo linalokimbia, na kwa hiyo kadiri unavyojaza ndivyo unavyopata mwendo wa bure. Imani hii imeng'ang'ania kwa mafundi, kwa wapanda baiskeli wa mazoezi ya Jumapili, hata kwa wafanyabiashara wanaobeba mkaa na magunia. Ni imani potofu, na historia ya tairi lenyewe inaikanusha. Tairi gumu kuliko yote lilishakuwapo: lilikuwa mpira mtupu usio na upepo ndani. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alitengeneza tairi la upepo ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isirukeruke kwenye barabara mbovu. Mwaka uliofuata Willie Hume aliyafunga matairi hayo kwenye baiskeli yake katika mashindano ya mji huo huo, akawashinda waliokuwa juu ya mpira mtupu. Kazi ya upepo tangu siku ya kwanza ilikuwa kulifanya tairi libonyee kwenye jiwe na kurudi, ili jiwe lisiinyanyue baiskeli nzima na mtu aliye juu yake. Ukiujaza upepo mpaka tairi lisibonyee tena, umeondoa kile alichokileta Dunlop.

Chanzo cha kosa kinaeleweka. Kwa miaka mingi matairi yalipimwa maabara kwenye ngoma laini ya chuma inayozunguka, na juu ya chuma laini ni kweli: ukiongeza presha, tairi hubonyea kidogo, joto linalopotelea ndani ya mpira hupungua, na mwendo huwa mwepesi. Ila hakuna anayeendesha baiskeli juu ya ngoma. Barabara ina kokoto, nyufa, viraka na rasta, na juu ya ngoma hakuna mwili wa binadamu. Presha ikipita kiasi fulani, kila kokoto huinyanyua baiskeli na mpandaji, na mtikisiko huo humezwa na misuli na nyama za mwili. Nguvu hiyo imetoka miguuni mwako nawe huioni tena. Jarida la Marekani la Bicycle Quarterly, chini ya Jan Heine, lilipima jambo hili likitumia wapandaji halisi, kwenye lami laini na kwenye rasta za kando ya barabara kuu, na tofauti ilijitokeza waziwazi. Timu za kulipwa zimeufuata ushahidi huo. Wanariadha waliopanda matairi ya milimita 21 na 23 yaliyojazwa zaidi ya PSI 110 sasa wako kwenye milimita 28 na zaidi, na presha zao zimeshuka sana. Rimu za kisasa zisizo na kulabu za kushika ukingo wa tairi zimewekewa kikomo cha PSI 72.5. Watu wanaoishi kwa kukimbia wameacha ugumu, na muuza pampu bado anamuuzia PSI 160 mtu anayekwenda sokoni.

Wengine hujibu kwamba tairi gumu wanalihisi kuwa jepesi. Wanahisi mtetemo, na mwili huusoma mtetemo kama kasi. Saa ndiyo ya kuuliza, mikono haijui. Wengine husema tairi laini linapata pancha. Hapa wana hoja. Tairi lililopungua upepo hugongana na rimu kwenye shimo, na tyubu hukatika sehemu mbili kwa mpigo. Lakini mimi sisemi tairi lilegee. Frank Berto, mhandisi Mmarekani aliyepima matairi kwa miaka, aliweka kipimo ambacho hadi leo ni mwanzo mzuri: tairi lishuke kama asilimia 15 ya kimo chake ukishaketi. Kwa tairi la milimita 38 hiyo ni karibu milimita 6. Hoja nzito zaidi ni ya mzigo. Anayebeba gunia la mkaa au abiria lazima aongeze upepo, hasa gurudumu la nyuma, na kipimo hicho hicho cha asilimia 15 kitamwambia aongeze kiasi gani. Hata hivyo, kikomo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na kwa matairi haya hakikaribii 120. Namba ile ya ubavuni ni ukuta wa kutovuka. Si lazima ufike hapo, na ukiona mzigo unadai zaidi, unahitaji tairi pana, si pampu kali.

Kupima tairi kwa kidole gumba nako kuachwe. Tairi pana na jembamba yakiwa na presha moja, lile pana huhisika gumu zaidi kwa sababu ukuta wake unavutwa kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo kidole kinachojaza tairi la inchi mbili "mpaka liwe jiwe" na kidole kinachopima tairi la mbio hupima vitu viwili tofauti. Geji ya kwenye pampu ndogo haisaidii sana: ikigawanywa hadi 160, mistari ya kati ya 25 na 40 imebanana kiasi cha kutosomeka. Geji ndogo inayoishia 60, ya kununua peke yake, inatosha watu wengi.

Basi, ununue nini? Tairi la inchi moja na nusu au zaidi: pampu ya silinda nene, na namba ya boksini usiiangalie. Tairi jembamba la mbio, milimita 25 hadi 28: silinda nyembamba, kwa kuwa ujazo wa tairi hilo ni kama lita moja tu na presha ndiyo inayokusumbua. Vyovyote vile, chagua yenye kimpira kati ya pampu na valvu, kwa sababu pampu inayokaa moja kwa moja kwenye valvu huitikisa kila unaposukuma na mwisho huing'oa kwenye tyubu. Vichupa vya gesi ya kaboni dayoksaidi vya gramu 16 vina haraka, lakini kimoja hutoa chini ya lita 9: tairi la mbio linatosheka, la milimani la inchi 2.3 halifiki hata PSI 25. Gesi hiyo pia hupenya mpira upesi kuliko hewa, hivyo kesho yake tairi limelegea. Chukua kimoja kwa dharura na pampu iwepo. Pampu za betri zinafanya kazi, ila hupata moto na chaji ikiisha umebaki na uzito mfukoni. Kompresa ya kituo cha mafuta iogope, maana tyubu ya baiskeli ni ndogo na hupasuka kabla hujaachia mkono. Mwisho angalia valvu zako. Kichwa cha pampu cha valvu nyembamba ya Presta kwa kawaida kinashika pia valvu ya Dunlop iliyo kwenye baiskeli nyingi za hapa, lakini hakishiki ile nene inayofanana na ya gari. Na kama yako ni ya Dunlop yenye kipande cha mpira ndani, weka kipande cha akiba kwenye mfuko wa viraka: mpira huo huchakaa kwa joto, na ukichanika, hakuna pampu itakayozuia upepo usitoke.