Mtaalamu wa Elimu ya Watu Wazima: Kazi Zake na Ujuzi Umpasao

Wapo wengi wanaodhani kwamba yeyote awezaye kumfundisha mtoto kusoma aweza vilevile kumfundisha mtu mzima, tofauti ikiwa ni saa za darasa na kimo cha viti tu. Dhana hiyo imeitia hasara elimu ya watu wazima. Mtoto hupelekwa shuleni na mzazi; mtu mzima huja kwa hiari yake, na kwa hiari yake aweza kuondoka. Hapana kengele wala kiboko kiwezacho kumrudisha. Makala haya yanakusudia kueleza kazi za mtaalamu wa elimu ya watu wazima, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wake inatokana na jambo hilo moja.

Mwalimu na mtaalamu

Nchini Kenya kazi hii ilipata msingi wa kisheria mwaka 1966, Bunge lilipopitisha sheria iliyounda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwishoni mwa mwaka 1978 Rais Daniel arap Moi alitangaza azma ya kuwaondolea wananchi ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Mwaka 1979 ikaundwa Idara ya Elimu ya Watu Wazima, na walimu wapatao 3,000 wakaajiriwa, wakisaidiwa na wengine wa muda na wa kujitolea.

Hapo ndipo tofauti baina ya mwalimu na mtaalamu inapodhihirika. Mwalimu hukutana na wanakisomo darasani. Mtaalamu humwandaa mwalimu huyo, hutunga au huchagua kitabu, hupanga saa za masomo pamoja na wenyeji kwa kufuata majira ya kulima na kuvuna, hupima maendeleo, na huwashauri wenye mamlaka. Mara nyingi mtu mmoja hulazimika kuzibeba kazi zote hizi, na ni nadra kupata aliyefunzwa zote.

Kumjua mwanakisomo

Ujuzi wa kwanza ni kumjua anayefundishwa. Mkulima, mvuvi au mkunga aingiapo darasani hana kichwa kitupu: ajua kupima, kukadiria, kupatana bei na kuamua mashauri. Malcolm Knowles wa Marekani alijenga nadharia yake ya elimu ya watu wazima juu ya msingi huo, akishikilia kwamba tajiriba ya mwanafunzi mzima ni hazina ya kufundishia, na kwamba hujifunza vyema akionapo haja ya jambo lenyewe.

Wahenga walikwisha kusema: muungwana akivuliwa nguo, huchutama. Mtu mzima aliyeaibishwa mbele ya wenzake hagombi. Haonekani tena, basi. Kwa hiyo mtaalamu huwafunza walimu mambo yaonekanayo madogo: kutanguliza “Mzee” au “Mama” kabla ya jina, kutomsimamisha mtu peke yake asome kwa sauti kabla hajawa tayari, kutowaweka benchi moja mama na mume wa bintiye, pale ambapo mila huwataka watu hao watunziane heshima kwa kujitenga. Hata istilahi zina uzito. Neno “ngumbaru”, lililozoeleka sana Kenya, humtaja mtu kwa kile asichokuwa nacho. Neno “mwanakisomo”, lililoenea Tanzania, humtaja kwa kile anachokitenda.

Yapasa pia kuulizwa mtu amekuja kutafuta nini. Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004 akisema ana umri wa miaka 84, alitaka kujisomea Biblia mwenyewe na kuweza kuhesabu fedha. Haja ya namna hiyo ndiyo imvutayo mtu kurudi darasani kesho yake.

Kutunga kitabu

Kitabu cha kwanza cha mtu mzima hakiwezi kuwa kile cha mtoto. Kuanzia mwaka 1968, katika mikoa ya Tanzania iliyo kandokando ya Ziwa Viktoria, mradi uliosaidiwa na UNESCO ulitayarisha vitabu vya kisomo chenye manufaa, yaani kisomo kilichofungamana na kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji.

Neno la kuanzia hutakiwa kuwa na sifa mbili: liwe na maana katika maisha ya msomaji, na liwe na rutuba ya silabi. Chukua neno “pamba”. Likigawanywa, hutoa pa na mba. Silabi hizo zikipitishwa katika irabu zote, hupatikana pa, pe, pi, po, pu na mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Kutokana na jamaa hizo mbili mwanakisomo aweza kuunda mwenyewe pembe, popo, papa, pumba na mbu, maneno ambayo hakufundishwa na yeyote. Siku atambuapo hilo, amekwisha kuelewa siri ya maandishi.

Hata hivyo, njia hii haihamishwi kwa upofu kutoka lugha moja hadi nyingine. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina herufi yake. Kikuyu kina irabu saba, na tahajia yake huongeza herufi ĩ na ũ ili kuzipambanua. Kijaluo kina irabu tisa, ilhali huandikwa kwa herufi tano tu. Basi herufi moja yaweza kuwakilisha sauti zaidi ya moja. Msomaji wa Kijaluo anaposita mbele ya neno si lazima awe mzito wa kufahamu. Huenda anachagua baina ya sauti mbili. Mtaalamu asiyeifahamu fonolojia ya lugha anayoishughulikia atamlaumu mwanafunzi kwa kosa la tahajia.

Kupanga na kuongoza

Kazi nyingine ni kuunganisha watu na vyombo. Mfano bora ni kampeni ya “Mtu ni Afya” iliyofanyika Tanzania mwaka 1973. Redio ilitoa vipindi, vijitabu vikagawanywa, na watu wapatao milioni 2 wakakutana katika vikundi vyao, wakiongozwa na viongozi waliofunzwa mapema. Kiongozi hakuwa mhadhiri: kazi yake ilikuwa kuuliza, kusikiliza, na kukiongoza kikundi kuamua watendalo, kama vile kuchimba vyoo.

Kupima na kuendeleza

Mwisho ni upimaji. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima walijua kusoma na kuandika. Lakini waliofikia kiwango cha umilisi kilichotakiwa walikuwa asilimia 29.6 tu. Baina ya tarakimu hizo mbili wamo wengi wawezao kuandika majina yao lakini wasioweza kuuelewa vyema mkataba wanaotakiwa kuutia sahihi. Kisomo kisichopata cha kusomwa hufifia. Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 gazeti la “Elimu Haina Mwisho” lilianzishwa katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania kwa ajili ya waliohitimu kisomo.

Chombo cha upimaji kilicho karibu zaidi, hata hivyo, ni daftari la mahudhurio. Msimamizi wa kawaida huhesabu waliofika. Mtaalamu huanza na walioacha kuja: huulizia ni nani, tangu somo lipi, na kwa sababu gani, kisha hukirekebisha kitabu, saa au lugha ya mwalimu kabla ya kumlaumu mwanakisomo. Pasipo uchunguzi huo, madarasa yaweza kufunguliwa kila mwaka na yakafungwa kila mwaka, na mkulima akaendelea kutia dole gumba chini ya maandishi asiyoyajua.