Rada ya Laibrari ya Mtaa: Sheria za Kujua Kabla Uingie, na Sababu Ziko

Bando imeisha, jirani amefungulia spika tangu asubuhi, na mtihani ni wiki ijayo. Kila msee wa mtaa anaijua hiyo hali. Chenye wengi hawajui ni kwamba pengine si mbali na keja yako kuna nyumba iko na viti, taa, vitabu na kimya, na inaendeshwa na pesa ya umma. Hiyo nyumba ni laibrari. Shida ni kwamba ukiuliza mabeshte zako mbona hawaendi, jibu ni moja tu: "Manze, huko kuna sheria mob."

Ni ukweli, sheria ziko. Lakini ukijua sababu ya kila moja, utaona nyingi ni za kukusaidia wewe. Wacha tukupee rada, kutoka mlangoni hadi siku umepoteza kitabu.

Kwanza, hii laibrari ni ya nani?

Ukiwa Nairobi, laibrari inajulikana zaidi town ni McMillan Memorial, iko Banda Street, ile nyumba ya nguzo kubwa na simba wa mawe hapo mbele. Ilifunguliwa 1931. Lady Lucie McMillan ndiye aliisukuma ijengwe kumkumbuka mzee wake, Sir William Northrup McMillan. Enzi hizo sheria ya kwanza ya mlangoni ilikuwa rangi ya ngozi. Ilikuwa ya Wazungu pekee, na ilikaa hivyo hadi miaka ya mwisho mwisho ya ukoloni.

Leo iko chini ya kaunti, na iko na matawi mawili madogo huko Eastlands: Kaloleni na Makadara. Hayo matawi yamefanyiwa ukarabati na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wakishirikiana na kaunti. Kando na hizo kuna laibrari za Kenya National Library Service, wengi wanaiita KNLS, iliyoundwa na sheria ya Bunge mwaka wa 1965. Hao wako na Maktaba Kuu pale Upper Hill, tawi Buruburu, na mengine kaunti mbalimbali. Hata Garissa walianza kupeleka vitabu na ngamia 1996, ndio wasee wa mbali nao wasome.

Katiba ya 2010 iliweka laibrari kwa orodha ya kazi za kaunti. Maana yake ni rahisi: hauombi favour ukiingia. Ile nyumba ni yako kama vile barabara ni yako. Ndio maana pia huwezi kuiharibu na useme ni ya serikali.

Mlangoni: begi inabaki

Kitu ya kwanza utaambiwa ni uache begi. Usichukulie kama umeitwa mwizi. Kitabu cha laibrari kikiingia kwa begi na kihepe, kununua kingine inaweza kuchukua muda mrefu sana, kwa sababu laibrari ndogo hainunui vitabu kila wiki. Unapeana begi, unapewa kinamba, unaingia na daftari, kalamu, simu na laptopu.

Usiache pochi, kitambulisho ama simu ndani ya begi. Vitu vya maana tembea navyo. Na hicho kinamba kichunge kama tiketi ya basi ya ocha, maana bila hicho utakaa hapo mlangoni ukieleza begi yako ina rangi gani na ndani kuna nini.

Kusoma ndani na kubeba kejani ni vitu viwili tofauti

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kuingia na kusoma hapo ndani hakuhitaji uwe memba. Mahali kwingine ni bure, mahali kwingine unalipa kitu kidogo ya siku. Bei huwa imebandikwa mlangoni ama kwa dawati, na ukilipa, dai risiti. Pesa ya umma bila risiti ni pesa ya mfuko wa mtu.

Ukitaka kubeba kitabu uende nacho, hapo ndio unakuwa memba. Fomu huuliza kitambulisho, picha ndogo ya pasipoti, namba ya simu, mahali unakaa, na mara nyingi mdhamini. Mdhamini ni mtu anasema, "Huyu ninamjua, akipotea na kitabu, nitafuteni mimi." Anaweza kuwa mzazi, mwalimu ama mdosi wako wa kazi. Kama hujafikisha miaka 18, mzazi ama mlezi ndiye anaweka sahihi.

Usimpeleke mtu aweke sahihi bila kumwelezea. Mathe wako akipigiwa simu juu ya kitabu cha Fizikia ambacho hata hakijui, jioni ya hiyo siku itakuwa noma.

Tarehe ya kurudisha ndio mkataba wako

Ukichukua kitabu, angalia nyuma ama ndani ya jalada. Kuna karatasi imepigwa muhuri na tarehe. Hiyo ndio siku ya mwisho ya kurudisha, na huwa ni kama wiki mbili hivi kutoka siku umekibeba. Ipige picha na simu, kisha weka kengele ikukumbushe siku moja mbele.

Ukichelewa, kuna faini ya kila siku kwa kila kitabu. Inaonekana ndogo, lakini piga hesabu. Tuseme faini ni kobole kwa siku. Umebeba vitabu viwili, umevisahau siku 30. Hiyo ni soo tatu, na hujapata chochote kipya. Kuna wasee wengi waliacha kwenda laibrari kwa sababu ya kuogopa hiyo bili, na kitabu bado kiko chini ya kitanda. Kila siku wanayoogopa inaongeza faini.

Njia rahisi ni hii: kabla tarehe ifike, enda ama piga simu useme, "Samahani madam, sijamaliza, naomba kuongezewa siku." Kama hakuna mtu mwingine amekiomba, mara nyingi unaongezewa. Na kama umeshachelewa, rudisha leo halafu ubonge nao ukweli. Mkutubi anataka kitabu kirudi kuliko anavyotaka doo zako.

Vitabu ambavyo havitoki hata uombe aje

Kamusi, atlasi, ensaiklopidia, magazeti ya zamani na vitabu adimu vinasomewa hapo hapo. Sababu ni kwamba mtu haji kusoma kamusi mwanzo hadi mwisho. Anakuja kuangalia neno moja, dakika tano, anasonga. Ikienda kwa keja ya mtu wiki mbili, watu hamsini wanakosa ile dakika tano yao.

Namba kwa mgongo wa kitabu si urembo

Laibrari nyingi zinatumia mpangilio wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa 1876. Kila somo lina namba. Kompyuta ziko mwanzo mwanzo, karibu na 005. Sheria ni 340, hesabu 510, udaktari 610, kilimo 630, upishi 641.5, spoti 796. Historia ya Kenya iko 967.62. Ukishajua namba ya kitu unapenda, unaenda rafu moja kwa moja na hauulizi mtu.

Sasa skiza sheria ambayo inashangaza wengi: ukimaliza kusoma, usirudishe kitabu kwa rafu. Kiache kwa meza ama mahali wameonyesha. Unaweza kudhani unasaidia, lakini ukiweka kitabu cha 510 kwa 610, hicho kitabu kimepotea. Rekodi inasema kiko, msee wa mtihani anakitafuta hadi anachoka, na mkutubi hawezi kujua kiko wapi hadi siku wataangalia rafu zote. Kitabu kimewekwa vibaya hakina tofauti na kitabu kimeibwa.

Kuna wengine wajanja wanakificha makusudi kwa rafu ya mbali, ndio wakuje wakipate kesho peke yao. Hiyo ni roho mbaya, tena wakati wa KCSE inaweza kuchomea mtu mwingine gredi.

Kelele, simu na chipo

Simu iweke kimya kabisa. Hata kutetemeka juu ya meza ya mbao inasikika hadi kona ingine. Ukipigiwa, toka nje ndio ushike. Kubonga na beshte ni sawa huko nje, ama kwa chumba cha majadiliano kama kipo. Muziki sikiza na visikizio, na uhakikishe jirani hausikii na wewe.

Chakula hakiingii. Shida si mkutubi kuchukia chipo zako. Mafuta yanaingia kwa karatasi na hayatoki, na makombo yanaita mende na panya, ambao wakishamaliza makombo wanakula gundi na karatasi. Maji ya chupa yenye kifuniko mahali kwingi yanakubaliwa, lakini uliza kwanza.

Kiti hakina jina

Mwezi wa kumi na kumi na moja, laibrari za mtaa hujaa hadi wasee wanasoma wakiwa wamesimama. Kwa hivyo ile tabia ya kuweka daftari kwa kiti saa mbili asubuhi, halafu unahepa kwenda kupiga luku town hadi saa nane, haikubaliki. Mahali kwingi mhudumu anaruhusiwa kutoa vitu vyako na kumpa mwingine kiti. Kama unaenda choo ama kukula haraka, mwambie jirani ama mhudumu. Kama unaenda safari, beba vitu zako.

Kalamu, wembe na kamera ya simu

Usichore laini kwa kitabu, hata ya penseli. Kile umeona ni cha maana pengine si cha maana kwa mwenye anakuja. Kukunja kona ya ukurasa pia ni uharibifu, tumia kipande cha karatasi.

Kurarua ukurasa ndio dhambi kubwa kabisa. Kuna vitabu vya marudio vimebaki jalada na majibu ya nusu, kwa sababu kila mtu alitoa "ukurasa moja tu". Simu yako iko na kamera. Uliza kama unaweza kupiga picha kurasa chache za kusoma mwenyewe. Kutoa kopi kitabu kizima ni kitu kingine, hapo unagusa haki ya mwandishi na inaweza kukuletea kesi.

Kompyuta na intaneti

Mahali kuna kompyuta, utajiandikisha na upewe muda, kwa kawaida saa moja ama hivi, ndio na wengine wapate. Panga kazi yako kabla ukae: maombi ya chuo, HELB, eCitizen, sivii ya kazi. Video za kucheka zinakula intaneti ya kila mtu.

Na ukimaliza, toka kwa akaunti zako zote. Usiseme "nitarudi saa hizi". Anayekaa baada yako akikuta barua pepe na eCitizen yako imeachwa wazi, ako na jina lako, namba ya kitambulisho na kila kitu cha kukuharibia. Futa pia faili ulizoshusha hapo.

Umepoteza kitabu. Sasa?

Inafanyika. Kimenyeshewa, kimeachwa kwa mathree, mtoto amekirarua. Usipotee. Enda mapema useme. Utaulizwa ununue nakala ingine ya hicho hicho ama ulipe bei yake, na pengine ada kidogo ya kukisajili upya. Kabla ununue, uliza ni toleo gani wanataka, ndio usilete kitabu cha mtaala wa zamani. Kama doo hazitoshi, uliza kama unaweza kulipa mos mos. Mtu amejileta mwenyewe huskizwa kuliko mwenye ametafutwa kupitia kwa mdhamini.

Hao pia wako na sheria

Usidhani sheria ni zako pekee. Unapaswa kuona saa za kufungua zimebandikwa, na uhudumiwe bila kuulizwa kabila, dini ama kama unasoma shule gani. Unaweza kupendekeza kitabu kinunuliwe. Majina na namba ulizoandika kwa fomu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo hazifai kupeanwa ovyo. Na ukipata shida, uliza msimamizi wa tawi kwa heshima, kisha andika malalamiko kama hakuna jibu.

Hiyo ndio story yote. Siku ya kwanza beba kitambulisho, daftari, kalamu na pesa kidogo za mlangoni. Fika mapema kabla viti viishe, na ukifika kwa dawati usijifanye unajua. Sema tu, "Madam, ni mara yangu ya kwanza, nianzie wapi?" Kuonyesha watu mahali pa kuanzia ni kazi yake, na huwa anafurahi mtu akiuliza.